Mkono wa Kike

Ukurasa wa tatu, mstari wa chini,
pana noti mbili ambazo mkono wangu hauzifikii kwa pamoja.
Si uvivu. Nimeupima:
vibonye vinane vyeupe, na wa tisa kwa kuiba.
Aliyetunga muziki huu alikuwa na viganja vya mpasua kuni,
au hakuwahi kufikiri kwamba siku moja
ungechezwa Kisumu, juu ya duka la vipuri, nyuma ya Kibuye,
na mtu anayenunua bangili kwenye rafu ya watoto.

Bi. Perpetua Aloo hakutaka kusikia.
"Kilichoandikwa chini kichezwe na mkono wa chini.
Ukianza kuhamisha noti
utahamisha na mipaka ya shamba."
Alisema hivyo akipangusa vibonye kwa ncha ya leso,
maana unyevu wa ziwa huvimbisha mbao,
na re ya chini ukiibonyeza hairudi
mpaka uing'oe kwa ukucha kama jino la mtoto.

Basi miaka sita niliruka.
Mkono wa kushoto uliruka kutoka besi hadi tena
kama mtu anayevuka mtaro siku ya mvua,
sketi mkononi, beseni kichwani,
na mara tatu kati ya nne omena zikamwagika.

Na wakati huo wote mkono wa kulia,
ambao lugha yenyewe imeupa chakula,
ulikaa juu na noti moja ndefu
umeishikilia kama mgeni na chupa yake ya soda.
Gumba lake halikuwa na kazi.
Lilikuwa pale pale, upana wa kibonye kimoja
kutoka kwa kile ambacho mwenzake alikikimbilia akihema.
Nikamkumbuka mama na jiko.
Nikamkumbuka baba na taarifa ya habari.

Nikachora kwa penseli: mabano madogo,
mshale kutoka chini kwenda juu.
Nilijaribu usiku, dirisha nimelifunga
kwa sababu ya wadudu wa ziwani
(si kwa sababu ya Bi. Aloo, nilijiambia),
na muziki ukaja kama maji ya mfereji yanavyorudi:
kwanza kikohozi, kisha mfululizo.

Ila gumba la kuume lina tabia ya kuume.
Likipewa jambo dogo hulitangaza.
Noti iliyopaswa kunong'ona katikati
ikasimama kama mheshimiwa anayetaja mchango wake kwenye harambee.
Mwezi mzima nililifundisha
kubeba mzigo wa mwenzake bila kujitaja.

Bi. Aloo alipofariki, mwanawe Odero aliniletea vitabu
ndani ya gunia la sukari la Muhoroni.
Nakala yake ya muziki uleule: safi.
Nikaiinamisha kwenye mwanga.
Karatasi haisahau penseli hata ikifutwa:
vijitaro vyembamba, mabano, mshale.
Lakini si mahali pangu. Yeye
aliitoa noti kwa mkono wa kuume
akaukabidhi mkono wa kike, wa kushoto,
ule tuliokatazwa kupokelea chai,
baa mbili mbele, mahali nisipoona ugumu wowote.
Nimejaribu kwa njia yake. Kwangu ni mbaya kabisa.
Kidole chake cha pete, sasa nakumbuka, hakikukunjika.
Alisema ni baridi tu, tukaendelea na skeli.

Leo Apondi, miaka kumi na mmoja,
amefika ukurasa wa tatu.
Ameruka. Amekosa. Amenitazama.
Nimempa penseli,
nikamwambia atafute kwanza kidole kilichokaa bure.
Amefikiri sana, ulimi nje,
akachora mshale mahali
ambapo si mimi wala marehemu tungethubutu.
Unafaa? Sijui bado. Amecheza mara moja tu
na re ya chini ikakwama.
Tumeing'oa,
ukucha wake upande huu, wangu ule.